Kiti Kinacheza, Mlango Unakwaruza: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kushika Gundi

Kazi nyingi zinazoletwa kwenye karakana ya jamii zimekwisha kutengenezwa mara moja au mbili kabla ya kufika hapo. Kiti kina msumari ubavuni mwa kiungo, mlango umerandwa ukingo mzima, droo imepakwa mafuta ya kupikia. Aliyetengeneza aliiona dalili akaishughulikia dalili, na chanzo kikabaki pale pale. Dalili moja huwa na vyanzo viwili au vitatu, na kila chanzo kina dawa yake. Kwa hiyo anza na kinachoonekana, fanya jaribio litakalotenganisha chanzo hiki na kile, ndipo ushike kifaa.

Kiti kinacheza

Usikipime kiti sakafuni, kwa sababu sakafu nyingi haziko sawa. Kiweke juu ya meza ya mashine au ubao uliohakikiwa kuwa bapa, kisha bonyeza pembe za kikalio moja baada ya nyingine. Kikigonga kwenye miguu miwili iliyo mkabala huku viungo vyote vikiwa imara, tatizo ni urefu wa miguu au fremu iliyojipinda. Kikalio kikienda kushoto na kulia huku miguu imekanyaga vizuri, viungo vimelegea.

Kwa viungo, weka kidole juu ya mstari ambapo mhimili unaingia kwenye mguu, kisha sukuma egemeo kwa mkono mwingine. Kidole kitahisi mtikisiko hata usioonekana kwa macho. Weka alama ya chaki kwenye kila kiungo kinachocheza. Mara nyingi utakuta kimoja kimelegea sana na vitatu vimelegea kidogo: kile cha kwanza kiliwaachia wenzake mzigo. Ukitengeneza kimoja tu, kiti kitarudi.

Hapa ndipo sindano ya gundi inapowadanganya watu. Gundi nyeupe ya mbao hushika kwa kuingia kwenye nyuzi za mbao. Ndani ya kiungo kilicholegea mna utando wa gundi ya zamani iliyokauka, na gundi mpya haiwezi kupita utando huo. Kiungo kitaonekana kigumu kwa wiki chache kisha kitaachia tena. Lazima kiti kifunguliwe.

Kabla ya kufungua, pitisha sumaku juu ya kila kiungo kutafuta misumari, kwani msumari mmoja uliofichwa chini ya rangi hupasua mguu unapogonga. Bandika utepe na namba kwenye kila kipande na kila tundu. Gonga kwa nyundo ya mbao ukiweka kipande cha mbao laini katikati, karibu kabisa na kiungo, au tumia klempu inayoweza kugeuzwa ili isukume badala ya kubana. Kiungo kikikataa, jua kwanza ni gundi gani. Dondosha maji ya moto mahali ilipovuja: gundi ya ngozi na mifupa huanza kunata na kutoa harufu ya mnyama, gundi nyeupe hugeuka maziwa na kuwa kama mpira, epoksi haibadiliki. Ya kwanza utailegeza kwa maji ya moto, ya pili kwa siki ya moto iliyoingizwa kwa bomba la sindano na kuachwa saa kadhaa. Epoksi hulegea kwa joto tu, na mara nyingi ni heri kukata ulimi, yaani ncha inayoingia kwenye tundu, na kutengeneza mwingine.

Soma kiungo kilichoachia kabla ya kukisafisha, kwa maana ushahidi wote uko hapo. Ukiona nyuzi za mbao zimeng'oka na kubaki kwenye gundi, gundi ilifanya kazi yake; mbao ilizidiwa, pengine na mtu anayependa kuegemea nyuma kwa miguu miwili. Ukiona utando laini unaong'aa upande mmoja na mbao tupu upande wa pili, gundi ilikauka kabla ya kuunganishwa, au upande ule ulikuwa na nta, mafuta au gundi ya zamani. Unga mweupe kama chokaa maana yake ni baridi: gundi nyeupe nyingi hazijengi utando mzuri chini ya nyuzijoto 10. Tabaka nene la gundi maana yake ulimi ulikuwa mdogo kuliko tundu.

Safisha kwa kukwangua na patasi au kisu, usipige msasa. Msasa hupunguza ulimi na kuviringisha kingo, nawe unahitaji kila sehemu ya milimita. Ulimi mzuri huingia kwa kusukuma kwa mkono na kugongwa kidogo mwishoni. Ukidondoka wenyewe, gundi nyeupe haitauokoa, kwani haijazi pengo. Gundisha vipande vyembamba vya mbao ya aina ileile kwenye mashavu ya ulimi, acha vikauke, kisha punguza polepole ukijaribu kila mara. Kwa ulimi wa mviringo unaotokeza upande wa pili, kata ufa kwenye kichwa chake na upige kabari yenye gundi. Angalia sana mwelekeo: ufa ukatize nyuzi za mguu unaopokea, ili kabari isukume kufuata urefu wa nyuzi. Kabari ikisukuma kutoka upande hadi upande, mguu utapasuka kwa pigo la pili.

Unganisha kikavu kwanza, klempu zote zikiwa mahali pake, ndipo uweke gundi. Paka kuta za tundu na mashavu ya ulimi. Huna muda zaidi ya dakika 5 hadi 10. Pima fremu kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, sogeza klempu ifuate ule mrefu mpaka vilingane. Acha kiti juu ya ubao bapa, klempu zikae saa 1 au zaidi, na asikalie mtu kabla ya saa 24.

Kama tatizo lilikuwa urefu wa miguu, usianze kukata mguu mmoja baada ya mwingine. Weka vikabari chini ya miguu mpaka kikalio kilale sawa, lalisha penseli juu ya kibao kinachozidi kidogo pengo kubwa kabisa, na uizungushe kuchora miguu yote minne kwa kimo kimoja. Kata hapo.

Meza imepasuka au imepinda

Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana. Kwa urefu mabadiliko ni madogo mno. Uso wa meza wenye upana wa mita 1, uliotokana na mbao zilizopasuliwa kwa ubapa, unaweza kubadilika karibu milimita 10 unyevu wake ukibadilika kwa asilimia 4. Nguvu hiyo hakuna skrubu inayoizuia.

Mahali ufa ulipo panaeleza mengi. Ufa unaoanzia ncha ya ubao na kuingia ndani kidogo ni wa ukaukaji: ncha hupoteza maji haraka kuliko katikati, na dawa yake ni kupaka ncha rangi au nta mbao ikiwa bado mbichi. Ufa ulionyooka kama rula unafuata maungio ya mbao mbili, yaani kingo hazikurandwa sawa au gundi haikutosha. Ufa unaokwenda katikati ya ubao mzima karibu kila mara unatoka chini: uso umefungwa kwa skrubu kwenye fremu bila nafasi ya kusogea. Legeza skrubu zote na usubiri usiku mmoja au mbili. Ufa ukianza kujifunga, umepata chanzo.

Skrubu ya katikati iache ikiwa imebana. Nyingine zote zitobolee matundu marefu kwenye fremu, yanayokatiza nyuzi za uso wa meza, yenye milimita 5 za ziada kila upande, na uzifunge kwa washa bila kukaza sana. Ufa wenyewe usiujaze lipu ngumu wakati wa kiangazi. Masika mbao itatanuka, lipu haitabanika, na ufa utahamia pembeni. Acha uso utulie, kisha gundisha kipande chembamba cha mbao ileile.

Kwa ubao uliojikunja, tazama ncha yake. Miduara ya ukuaji hujaribu kunyooka ubao unapokauka, hivyo upande uliokuwa karibu na gome ndio unaobonyea. Lakini meza iliyokuwa bapa kisha ikajikunja baada ya kupakwa vanishi ina sababu nyingine: imepakwa juu tu, na chini inavuta na kutoa unyevu kwa uhuru. Igeuze na kuiegesha juu ya vibao kivulini siku kadhaa. Ikijinyoosha, paka pande zote mbili idadi sawa ya mikono. Isipojinyoosha, randa. Kuilazimisha kwa skrubu ni kuandaa ufa.

Kipima unyevu kikikosekana, kata kipande kutoka katikati ya ubao na ukipime uzito kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imezoea hewa ya karakana. Kwa mbao mbichi inayokaushwa kwa upepo, mafundi huhesabu takriban mwaka 1 kwa kila milimita 25 za unene.

Mlango na droo

Mlango usiurande mpaka uujue. Funga polepole na utazame pengo kuzunguka, ambalo linapaswa kuwa milimita 2 hadi 3. Ukigusa pembe ya juu upande wa kitasa na kukwaruza chini upande huohuo, umeinama, na bawaba ya juu ndiyo ya kwanza kushukiwa. Shika kitasa uinue. Ukipanda na kushuka, skrubu zimelegea au pini ya bawaba imelika. Usiposogea kabisa, weka timazi kwenye fremu, huenda fremu ndiyo imelala.

Bawaba zote zikiwa imara na mlango bado umeinama kidogo, weka karatasi ngumu nyuma ya bawaba ya chini. Kwa mlango wa upana wa sentimita 80 wenye bawaba zilizoachana mita 1.5, karatasi ya milimita 1 hunyanyua upande wa kitasa karibu nusu milimita. Zaidi ya milimita 2 za karatasi ni bora kuchimba bawaba ya juu iingie ndani.

Mlango unaorudi wenyewe unapokaribia kufungika umebanwa upande wa bawaba: vichwa vya skrubu vimetokeza, au bawaba zimezamishwa mno. Unaogoma urefu mzima wakati wa mvua tu umevimba. Pitisha kioo kidogo chini yake na utaona ukingo wa chini haujawahi kupakwa rangi. Subiri ukauke, randa kile kilichozidi tu, kisha paka kingo zote, hasa wa juu na wa chini.

Droo inayokwama itoe na uipime pembe kwa pembe. Tofauti ikizidi milimita 2, sanduku limekaa upande, na mara nyingi ubao wa chini umeachia. Pembe zikiwa sawa, paka chaki kwenye njia, iingize na kuitoa mara chache; chaki itakapofutika ndipo inapogusa. Mshumaa unatosha kwa msuguano mdogo. Mafuta ya kupikia huingia kwenye mbao, hushika vumbi na kugeuka ulimbo. Droo pana kuliko kina chake itajikaza kila ikivutwa upande mmoja. Ipe kishikio kimoja katikati.

Skrubu hazishiki

Kama tundu limelika, toboa milimita 8 au 10, gundisha kijiti cha mbao ngumu, kata usawa, kisha toboa upya. Njiti za kiberiti na gundi hufaa kwa bawaba ya kabati dogo, si kwa mlango. Kama skrubu inapasua mbao, tundu la kuongoza halipo au ni jembamba: kwa skrubu ya milimita 4 toboa 2.5 kwenye mbao laini na 3 kwenye ngumu, na uipake nta. Skrubu ya shaba hukatika kwenye mbao ngumu, kwa hiyo ingiza ya chuma ya kipimo hichohicho kwanza, itoe, ndipo uweke ya shaba.

Kifaa kinakataa

Kwenye karakana inayotumiwa na wengi, shuku makali kwanza. Patasi iliyopita mikono kumi imewahi kufungulia kopo la rangi. Jaribu kwenye ncha ya mbao laini, ukikatiza nyuzi: patasi kali huacha uso unaong'aa, butu huacha nyuzi zilizopondeka na madoa meupe. Sawazisha mgongo kwanza, noa kwa pembe ya digrii 25, kisha maliza ncha kwa digrii 30 mpaka uhisi kijinywele cha chuma upande wa pili, ukiondoe kwenye kinoo laini. Makali yakimeguka vipande, pembe ni nyembamba mno kwa mbao hiyo. Ipandishe hadi 35. Yakijikunja, huenda chuma kilichomwa kwenye mashine ya kunolea. Rangi ya buluu kwenye chuma cha kaboni ni alama kwamba ugumu umetoka hapo, na dawa ni kusaga mpaka kupita sehemu iliyoungua, ukichovya majini mara kwa mara.

Randa inayong'oa nyuzi: geuza ubao kwanza, unaweza kuwa unakwenda kinyume cha nyuzi. Ikiendelea pande zote mbili, nyuzi zinapishana. Noa upya, punguza kina, na sogeza bamba la juu ya kisu mpaka libaki nusu milimita au chini yake kutoka kwenye makali. Randa inayotetemeka ina kisu kilicholegea au takataka chini ya kisu. Inayojaza maranda mdomoni ina upenyo kati ya bamba na kisu: tazama kwenye mwanga, ukiona mwale unapita, sawazisha ukingo wa bamba kwenye kinoo.

Msumeno wa mkono ukikimbia upande mmoja kila mara, hata kwa mtu mzoefu, meno ya upande huo yametokeza zaidi. Pitisha kinoo kidogo ubavuni mwa meno hayo mara moja, jaribu, rudia ikibidi.

Msumeno wa meza unahitaji umakini wa peke yake. Alama za kuungua zinaweza kutoka kwenye diski butu, ulimbo ulioganda kwenye meno, au kusukuma polepole mno. Lakini zikitokea pamoja na mbao kugoma kupita, zima mara moja: kingo ya kuongozea huenda imeelekea ndani nyuma ya diski, na hapo ndipo mbao hurushwa usoni mwa anayesukuma. Chomoa waya wa umeme. Weka alama kwenye jino moja, pima kutoka jino hilo hadi kingo likiwa mbele, zungusha diski mpaka jino hilohilo lifike nyuma, pima tena. Nyuma pasiwe pembamba kuliko mbele. Hakikisha bamba la kutenganisha lililo nyuma ya diski lipo. Mashine isiyo nalo ifungwe kibao cha "haitumiki" mpaka lirudishwe. Mbao inayojifunga nyuma ya diski yenyewe, kingo ikiwa sawa, ina mvutano wa ndani. Zima, subiri diski isimame kabisa, ndipo uitoe.

Vumbi likizagaa licha ya kifyonzi kuwashwa, chujio limeziba au mabomba ya mashine zisizotumika yameachwa wazi. Usilichukulie kirahisi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu. Vaa barakoa ya kiwango cha FFP2 au zaidi unapopiga msasa.

Mbao za mabaki

Pitisha sumaku kabla ya kukata. Mbao za palleti zina mhuri wa kiwango cha kimataifa cha ISPM 15: herufi HT maana yake zimetibiwa kwa joto, MB maana yake zimefukizwa methili bromidi, gesi yenye sumu. Za MB ziache, na zisizo na mhuri zisitumike kwa vyombo vya ndani. Ukiona vitundu vidogo, igonge mbao juu ya karatasi nyeusi na uache siku chache. Unga mpya mweupe maana yake bungua bado wamo. Mbao hiyo itengwe leo hii, isisubiri wiki ijayo, kwani jirani zake rafuni wako hatarini.

Vanishi imeharibika

Vanishi isiyokauka baada ya siku mbili: kama inanata kila mahali, mkono ulikuwa mnene, hewa ilikuwa baridi na nzito, au kopo ni la zamani. Kama inanata kwa mabaka, mbao yenyewe ina mafuta ya asili au ilipigwa nta. Sugua, futa kwa spiriti, paka mkono mmoja mwembamba wa shelaki isiyo na nta, kisha vanishi. Vishimo vya duara ambamo vanishi inakimbia ni silikoni, mara nyingi kutoka dawa ya kung'arishia samani, na dawa ni hiyohiyo ya shelaki. Mapovu hutokana na kutikisa kopo. Koroga kwa kijiti.

Madoa yanayokataa rangi karibu na viungo ni gundi iliyofutwa kwa kitambaa kibichi na kusambaa kwenye nyuzi. Acha gundi inayovuja ifikie ulaini wa mpira, dakika 20 hadi 30, uikwangue kwa patasi. Mikwaruzo inayojitokeza baada ya vanishi kwa kawaida ni msasa ulioruka hatua. Nenda kwa namba za msasa 80, 120, 180, 220, ukifuata nyuzi, na ufute vumbi kila unapobadilisha, maana chembe moja ya 80 iliyobaki itachora mpaka mwisho.

Duara jeupe juu ya meza ni unyevu ndani ya vanishi, na mara nyingi huondoka kwa joto dogo la kikausha nywele. Duara jeusi limefika kwenye mbao: maji na chuma vimekutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao. Hilo halitoki kwa kusugua juu. Ondoa vanishi, tumia asidi ya oksaliki ukiwa na glavu na miwani, suuza kwa maji, acha ikauke kabisa.

Matambara yaliyofutia mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta yasirundikwe wala kutupwa kwenye pipa la maranda. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na ndani ya rundo joto hilo hufika kiwango cha kuwaka lenyewe bila cheche. Yaanike nje moja moja mpaka yakakamae, au yazamishe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko kabla ya mtu wa mwisho kufunga mlango.